Utafiti wa Kimaelezo katika Masomo ya Uzamili ya Mawasiliano

Utafiti wa kimaelezo huchunguza maana ambayo watu huyapa mambo wanayoyaona, kuyasikia na kuyatenda. Data zake ni maneno, matendo, picha na matini. Katika shahada za uzamili na uzamivu za mawasiliano, mkabala huu hujibu maswali kama haya: wasikilizaji huielewaje taarifa ya habari, na wahariri huamuaje habari ipi itangulie? Kusoma vitabu pekee hakumwandai mwanafunzi, kwa kuwa anayesaili, anayeshuhudia na anayefasiri ni mtafiti mwenyewe. Stadi hizo hujengwa kwa mazoezi yanayosahihishwa.

Utafiti mmoja wa zamani unaonyesha vizuri kinachopaswa kujifunzwa. Tarehe 30 Oktoba 1938, redio ya CBS nchini Marekani ilirusha mchezo wa Orson Welles kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi. Baadhi ya wasikilizaji walidhani ni habari za kweli, wakashikwa na hofu. Hadley Cantril wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake, akiwemo Herta Herzog, walitumia usaili wa watu 135 kama msingi mkuu wa kitabu chao kuhusu hofu hiyo, kilichotoka mwaka 1940.

Jambo la kwanza ni uteuzi wa watoa taarifa. Zaidi ya 100 kati ya hao 135 walichaguliwa kwa sababu ilijulikana kwamba walitishika. Sampuli lengwa ya namna hii inafaa kueleza jinsi hofu ilivyojengeka, lakini haiwezi kuonyesha ni sehemu gani ya wananchi iliyoogopa. Mwanafunzi anatakiwa kuuweka wazi mpaka huo tangu kwenye pendekezo la utafiti.

Kisha huja usaili. Swali "Uliogopa?" huzaa ndiyo au hapana, ilhali kumwomba mtu asimulie alichokuwa akifanya alipofungua redio na kilichofuata huzaa maelezo yanayochambulika. Zoezi lenye manufaa makubwa ni kurekodi usaili kwa ridhaa ya msailiwa, kuunakili neno kwa neno, kisha kuupitia pamoja na msimamizi ili kuona mahali ambapo msaili alikatiza, alidokeza jibu au alipita juu ya jambo zito.

Uchambuzi huanza kwa kusimba: kila kipande cha maelezo hupewa jina fupi la kinachotokea ndani yake, na majina yanayohusiana hukusanywa kuwa dhamira. Kundi la Cantril liliwapanga wasikilizaji kwa jinsi walivyohakiki walichosikia. Wapo waliogundua kutokana na kipindi chenyewe kwamba ni mchezo. Wapo waliotafuta ushahidi kwingine wakatambua ukweli. Wapo waliotafuta wakaendelea kuamini. Na wapo ambao hawakuhakiki kabisa. Kundi la tatu lina funzo kubwa. Mmoja alichungulia dirishani, akaona magari mengi, akaamua kwamba watu wanakimbia. Mwingine hakuona gari lolote, akaamua kwamba barabara zimeharibiwa. Hesabu ya waliohakiki na wasiohakiki ingeificha tofauti hiyo kati ya kuhakiki na kuhakiki vyema.

Ubora wa kazi ya namna hii una vigezo vyake. Yvonna Lincoln na Egon Guba, katika kitabu chao cha 1985, walihimiza kulinganisha vyanzo, kuwarejeshea watoa taarifa tafsiri ya maelezo yao, kutafuta mifano inayopinga hitimisho, na kutunza kumbukumbu ya kila uamuzi wa uchambuzi.

Maadili hutangulia hatua zote. Msailiwa aelezwe lengo la utafiti, awe huru kujitoa, na utambulisho wake ulindwe. Vibali vya utafiti hutolewa na tume za kitaifa za sayansi na teknolojia, yaani COSTECH nchini Tanzania na NACOSTI nchini Kenya, na ratiba ya mwanafunzi inapaswa kutenga muda wa kuvipata.

Mwishowe mtahini hupima jambo moja kuu: kama kila dai la tasnifu linaweza kufuatiliwa hadi kwenye maneno au matendo yaliyolizaa.