Mtoto Njiti Ana Umri wa Aina Mbili

Mama amempeleka kliniki mtoto wa miezi sita. Watoto wa rika lake wanaanza kukaa. Wake ndiyo kwanza anakaza shingo. Kwenye benchi minong'ono inaanza: huyu kachelewa. Lakini mtoto huyu alizaliwa akiwa na wiki 28, yaani wiki 12 kabla ya kutimiza 40. Toa wiki hizo, takriban miezi mitatu. Anayebaki ni mtoto wa miezi mitatu, na katika umri huo kukaza shingo ni maendeleo mazuri.

Huo ndio umri uliorekebishwa. Wataalamu huupimia ukuaji wa njiti hadi afikishe miaka miwili. Chanjo, kwa kawaida, hufuata tarehe halisi ya kuzaliwa.

Sababu ya hesabu hii ni ubongo. Wiki za mwisho tumboni ndipo unapokua kwa kasi na kujikunja. Kwenye wiki ya 34 bado una takriban theluthi mbili tu ya uzito wa ubongo wa mtoto aliyetimiza miezi. Njiti huimalizia kazi hiyo nje, penye mwanga, kelele na sindano. Kabla ya wiki ya 32, vimishipa vya damu vilivyo ndani ya ubongo huvuja kwa urahisi, na jirani yake hupita nyuzi zinazopeleka amri miguuni. Ndiyo maana madhara mara nyingi huonekana kwanza kwenye miguu.

Kwa hiyo hesabu isiwe kisingizio cha kungoja. Miguu inayokakamaa, mkono mmoja kutumika peke yake kabla ya mwaka, au macho yasiyofuata uso wa mama baada ya miezi mitatu iliyorekebishwa: hayo yapelekwe kwa daktari mapema, kwa sababu ubongo mchanga hufundishika. Njiti wengi hukua vizuri, ila wengine huja kutatizika na umakini au hesabu shuleni. Akishatembea, ufuatiliaji uendelee.

Na msaada huanza kifuani. Huduma ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa ikianza mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo.

Mzazi wa njiti, ukifika kliniki taja umri wa aina zote mbili. Mwanao apimwe kwa safari yake mwenyewe.