Mkanda Unapofika Ukingoni

Kutoka Baraka hadi Minembwe hakuna mahali pa kupimia kasi ya chombo. Baraka iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Minembwe iko kwenye nyanda za juu za Fizi, zaidi ya mita 2,000. Katikati kuna mlima, tope, na njia ambazo ng'ombe walizifahamu kabla ya wahandisi. Anayeuliza gari la porini linakimbia kilomita ngapi kwa saa, huko atajulikana mara moja kuwa ni mgeni. Hata hivyo swali lake lina jibu, na jibu hilo linasaidia kueleza kwa nini chombo kinachopanda mlima huo ni pikipiki.

Nazungumzia vile vigari vya magurudumu manne ambamo dereva na abiria hukaa bega kwa bega, kama Yamaha Rhino ya mwaka 2004 au Polaris RZR iliyoifuata. Wengi hudhani kasi yake huamuliwa na injini. Injini ina neno lake, lakini mara nyingi klachi ndiyo yenye neno la mwisho.

Vingi vya vigari hivi havina gia za kupandisha na kushusha njiani. Vina kapi mbili na mkanda wa mpira, na hiyo ndiyo klachi yenyewe. Kila kapi ni kama visahani viwili vya chai vilivyopeana migongo, mkanda ukipita kwenye bonde lililo kati yake. Kapi ya mbele inazungushwa na injini. Mizunguko ikiongezeka, vizito vilivyomo hurushwa nje na kusukuma sahani moja iisogelee nyingine, na mkanda unabanwa mpaka hauna pa kwenda ila kupanda. Kwa kuwa urefu wake haubadiliki, kwenye kapi ya nyuma mkanda huohuo unazama, ukizitanua sahani zinazobanwa na springi. Wakati wa kuondoka, kapi ya mbele huzunguka kama mara tatu ili ya nyuma izunguke mara moja. Hapo ndipo nguvu ilipo. Mkanda ukifika ukingoni, kapi zote mbili huzunguka karibu sawa, au ya nyuma huzidi kidogo. Nafasi imekwisha. Ukizidi kukanyaga mafuta, injini itapiga kelele tu mpaka kidhibiti cha mizunguko kiinyamazishe.

Ndiyo maana wapo mafundi waliozikereza sahani za Rhino ili mkanda upande milimita chache zaidi. Kasi ikaongezeka, na injini haikuguswa. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo.

Vizito navyo vina siasa zake. Vikiwa vizito mno, mkanda hupanda mapema na injini inaelemewa kabla haijafikia mizunguko yake yenye nguvu. Vikiwa vyepesi mno, injini inalia huku mkanda ukisuasua chini. Fundi hutafuta kati ya hayo mawili, lakini kati hiyo huhama na hewa. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu. Chombo kilichorekebishwa vizuri Baraka kitafika Minembwe kimepungukiwa kama asilimia 12, na vizito vya ziwani vitakuwa mzigo mlimani. Ingebidi dereva abebe seti mbili na kufungua klachi njiani, jambo ambalo abiria hulipokea kwa maoni mengi.

Wazo la mkanda ni la zamani kuliko vigari hivi. Kiwanda cha DAF cha Uholanzi kililionyesha kwenye gari dogo mwaka 1958, na kwa jinsi mfumo ule ulivyoundwa, gari liliweza kurudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Kwa baadhi ya njia za Fizi, hiyo ingekuwa sifa ya kwanza kutajwa na muuzaji.

Pikipiki yenyewe haina fumbo kama hilo. Klachi yake, au embreyaji kwa waliojifunza ufundi kwa Kifaransa, ni sahani kadhaa zinazoogelea kwenye oili. Ikishashika, haipunguzi kasi wala haiongezi. Kasi inapangwa na gia na meno ya mnyororo. Tuseme mbele kuna meno 14 na nyuma 42. Fundi akiweka 45 nyuma, pikipiki iliyokuwa inafika kilomita 90 kwa saa itafika 84, nayo itapanda na magunia bila kuchoma sahani. Mwendesha pikipiki wa mlimani hatazililia hizo kilomita sita. Hakuwahi kuzitumia.

Kushuka ndiko kunakobaki. Kwenye klachi nyingi za mkanda, mizunguko ikipungua sana sahani huachana na mkanda unalegea, hivyo injini haisaidii tena kuzuia magurudumu, isipokuwa kiwanda kiwe kimeweka kifaa maalumu cha kazi hiyo. Mwenye pikipiki hurudisha gia ya pili na kuiacha injini ishike mlima. Mwenye mkanda usio na kifaa hicho ana breki zake peke yake na zaidi ya mita 1,200 za mteremko mbele yake. Zikishapata moto, atapata ile kasi ya juu ambayo klachi ilimnyima wakati wa kupanda.