Mzee anayekumbuka njia ya 1972 na kusahau ya jana

Na Mwandishi Wetu, Nyanza-Lac

KUSINI mwa Burundi, hasa Nyanza-Lac na Rumonge, si ajabu kukutana na mzee aliyerejea kutoka Tanzania ambaye anaweza kukueleza hatua kwa hatua njia ya kwenda shule aliyosoma kabla ya mwaka 1972. Atakutajia kijito, mkuyu, nyumba ya fundi seremala na mpaka wa shamba la baba yake. Lakini mzee huyo huyo, akitoka kwenda sokoni, mwendo wa dakika chache tu kutoka nyumba anayolala, huenda akapotea hadi jioni.

Kila nipitapo maeneo ya mpakani kwa kazi yangu, huwa nasikia ubishi juu ya wazee wa namna hii. Wapo wanaosema mzee amerogwa na watu wanaogombea naye ardhi. Wapo wanaosema anajifanya tu, maana mtu anayekumbuka ya 1972 atasahauje ya leo asubuhi? Na penye kesi ya shamba, utasikia upande wa pili ukidai kwamba asiyejua alichokula asubuhi hawezi kuwa shahidi wa mpaka.

Kwa jinsi wanasayansi walivyoueleza ubongo, makundi yote matatu yamekosea.

Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, mna viungo viwili vidogo, kimoja kulia na kingine kushoto. Kila kimoja hakizidi sana ukubwa wa kidole kidogo cha mkono, na kimepinda kama samaki yule aitwaye farasi wa baharini. Ndiyo maana wataalamu wakakipa jina la Kigiriki la samaki huyo, hipokampasi.

Kazi yake ilianza kujulikana kwa bahati mbaya. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyesumbuliwa na kifafa kikali, akamwondolea sehemu kubwa ya viungo hivyo pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo kijana hakuweza tena kuweka jambo jipya akilini. Mtafiti Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alikuwa mgeni kwake kila walipokutana. Hata hivyo, ya utotoni aliyakumbuka. Alifariki mwaka 2008.

Kwamba kiungo hicho hicho ndicho kinachotuonyesha njia, kulibainika baadaye. Mwaka 1971, John O'Keefe na mwenzake Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, waligundua kwamba katika hipokampasi ya panya mna seli ambazo huamka pale tu mnyama anapofika mahali fulani: seli hii kwenye kona hii, ile kwenye kona ile. Mwaka 2005, May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway walieleza seli nyingine, jirani na hapo, ambazo hupima eneo kwa mistari kama ya ramani. Watatu hao, O'Keefe na akina Moser, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2014.

Kwa lugha nyepesi, hipokampasi ni mchora ramani. Mama anayevuka Mugina kwenda Manyovu na vitenge vyake, kisha akapata njia ya kurudi hata mvua ikiwa imeharibu barabara, anamtumia mchora ramani huyo. Sitaji hapa zile njia za panya, ambazo kila mtu anazijua isipokuwa watu wa forodha.

Sasa turudi kwa wazee wetu. Mwaka 1999, watafiti Edmond Teng na Larry Squire wa Marekani walieleza habari za mzee mmoja waliyemtaja kwa herufi E.P. tu. Mwaka 1992 virusi vilishambulia ubongo wake na kuharibu karibu hipokampasi zote mbili. Mzee huyu alikulia sehemu moja ya California, akahama akiwa kijana. Watafiti wakamwuliza njia za huko kwao alikohama zaidi ya miaka 50 nyuma: kutoka hapa utafikaje pale? Na barabara kuu ikifungwa, utazungukia wapi? Alijibu vizuri sawa na wazee wa rika lake waliokulia huko huko na ambao hawakuwa wagonjwa. Ndipo wakamwuliza juu ya mtaa aliohamia baada ya kuugua, ambao alikuwa akiishi wakati huo. Hakuweza kujibu hata swali moja.

Msomaji, hapo ndipo penye jibu letu. Mchora ramani anapokufa, ramani alizochora zamani zinaweza kubaki, kwa kuwa zimekwisha kuhamia sehemu nyingine za ubongo. Kinachokosekana ni ramani mpya. Kwa hiyo mzee kukumbuka kijito cha mwaka 1972 si uthibitisho kwamba ni mzima, wala kupotea njia ya sokoni si uthibitisho kwamba ya zamani anayatunga.

Ugonjwa wa Alzheimer, unaowapata zaidi wazee, kwa kawaida huanzia katika hipokampasi na eneo lililo jirani nayo. Ndiyo maana dalili zake za mwanzo ni kurudia swali lile lile na kupotea njia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 leo amekwisha kupita 70, na huo ndio umri wa kuwa macho.

Hata hivyo tusiharakishe kumpa kila mtu ugonjwa. Aliyerejea baada ya miaka 40 akakuta barabara mpya na vijiji vipya, atapotea hata akiwa mzima kabisa. Tofauti ni kwamba mzima hupotea mara ya kwanza na ya pili, ya tatu akazoea. Wa kuhangaikia ni yule anayepotea kwenye njia anayoipita kila siku.

Huyo apelekwe kituo cha afya, si kwa mpiga ramli. Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya, lakini yapo mengine yanayofanana nayo na yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kwa uvivu, huzuni ya muda mrefu, pombe, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Na akichanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura, kwani inaweza kuwa malaria kali au kiharusi.

Kwa wenye mashamba ya kugombewa, ushauri wangu ni mmoja. Msisubiri. Ugonjwa ukizidi, hata ramani za zamani hufutika, na kumbukumbu ya mtu yeyote inaweza kukosea. Mzee angali na nguvu, atembezwe kwenye mipaka mbele ya majirani na wakuu wa kilima, aliyoyasema yaandikwe na kutiwa sahihi na mashahidi.

Kwetu tulio bado na nguvu, kuna habari njema. Mwaka 2011, Eleanor Maguire na Katherine Woollett walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 79 wa London waliokuwa wakisomea udereva wa teksi, kazi inayodai kukariri mitaa ipatayo 25,000. Waliofaulu walikuwa 39, na baada ya miaka hiyo ya kujifunza, sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa imeongezeka. Mwaka huo huo, utafiti mwingine wa Marekani uliohusisha wazee 120 ulionyesha kwamba waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao zilikua kwa asilimia 2 hivi.

Basi anayekwenda sokoni kwa miguu asijione maskini. Na mzee akitaka kutembea, asifungiwe ndani kwa kuogopa atapotea. Apewe mjukuu wa kumsindikiza, na mfukoni awekewe karatasi yenye jina la kilima chake na namba ya simu ya nyumbani.