Mfalme akiwa nje ya lango

Katika tamthilia ya Shakespeare ya Henry V kuna hotuba ambayo haitajwi sana na wapenzi wa ushujaa. Mwaka ni 1415, na mfalme wa Uingereza ameuzingira mji wa Harfleur, kaskazini mwa Ufaransa. Anasimama mbele ya lango na kumtisha gavana: mji usipojisalimisha, askari wake wataingia, na yatakayowapata mabinti, wazee na watoto wachanga yeye hatayazuia. Kisha lawama yote anawabebesha waliomo ndani. Wakikataa, wamejitakia.

Mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hahitaji kufafanuliwa hotuba hiyo. Mamluki wa Jean Schramme waliushika mji huu mwaka 1967. Waasi wa AFDL wakaingia Oktoba 1996, makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi Juni 2004, waasi wa M23 Februari 2025. Kila aliyeingia alikuja na hoja zake. Kwa hiyo filamu yoyote iliyotokana na tamthilia hii mimi naipima kwanza pale Harfleur, kabla hata ya kufika kwenye pigano maarufu la Agincourt.

Laurence Olivier alitoa yake mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, akaitunukia makomando na askari wa miavuli wa Uingereza. Pigano la Agincourt alilipiga picha Enniskerry, Ireland, nchi ambayo haikuwa vitani. Vitisho vya Harfleur alivikata. Alikata pia njama ya wasaliti watatu pale Southampton, na amri ya mfalme ya kuua mateka. Akabaki na mfalme asiye na doa. Simlaumu sana, maana nchi yake ilikuwa imepigwa mabomu na watu walihitaji kutiwa moyo; lakini usafi ule ni kazi ya mkasi, Shakespeare hakuuandika.

Kenneth Branagh, mwaka 1989, alirudisha mengi yaliyokatwa. Agincourt yake ni matope na maiti. Bardolph, rafiki wa mfalme wa enzi za ulevi, ananyongwa kwa kuiba kanisani huku mfalme akitazama kwa machozi. Vitisho vya Harfleur vimo, ingawa vimefupishwa, na gavana anapokubali kufungua lango, mfalme anaishiwa nguvu kwa ahueni. Tunaelewa kwamba alikuwa akibahatisha, kwamba jeshi lake limechoka na kuugua. Uigizaji huo ni wa hali ya juu. Ila ndipo ugomvi wangu unapoanzia: kamera inatuomba tumwonee huruma yule anayetisha. Na amri ya kuua mateka Branagh naye aliiacha nje.

Orson Welles sina haja ya kukaa naye muda mrefu. Katika Chimes at Midnight ya mwaka 1965 alionyesha pigano la Shrewsbury kama msongamano wa miili isiyojulikana ni ya upande gani. Nadhani hakuna aliyempita.

Kwetu, Shakespeare amefika kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 2014 Brett Bailey wa Afrika Kusini alichukua opera ya Verdi ya Macbeth na kuihamishia mashariki mwa Kongo: Macbeth akawa mbabe wa vita, na nyuma yake kampuni ya madini. Lilikuwa onyesho la jukwaani, waimbaji wakiwa Waafrika Kusini, na lilizunguka hadi Brussels na London.

Lakini filamu inayojibu Harfleur ilipigwa picha hapahapa, na haina mfalme. Mei 2015 Mswisi Milo Rau aliitisha Bukavu mahakama ya kuigiza isiyo na waigizaji: wanasheria wa kweli, na mashahidi wa kweli waliozungumzia mauaji ya Mutarule na wanavijiji waliohamishwa kupisha mgodi wa Twangiza. The Congo Tribunal ilitoka mwaka 2017. Hukumu yake haikuwa na nguvu ya kisheria. Hata hivyo, waliomo ndani ya ukuta walipewa kipaza sauti. Kwa Shakespeare, pale langoni, upande wa mji anayesema ni gavana peke yake.

Vijana wa Kadutu na Ibanda wanaotengeneza filamu wakitaka siku moja kuijaribu Henry V, ningewashauri waweke kamera ndani ya mji. Hotuba ya mfalme isikike kutoka nje, maneno mengine yakipotea kwa upepo, na gavana, kabla hajajibu, ageuke kuwauliza watu wake.