Fedha ya Kijana Katika Miaka ya Dhiki

Nataka kuzungumza nanyi juu ya fedha. Si fedha ya matajiri, bali ile ya kijana mwenye mshahara mdogo, ambaye mwaka wa dhiki umemkuta njiani.

Mwaka 2020 alinijia kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Alikuwa akitumika katika hoteli moja ya pwani, upande wa Mombasa. Hata ugonjwa wa korona ulipozuia safari, wageni walikoma kuja, hoteli ikafunga milango, naye akaambiwa angoje nyumbani pasipo mshahara. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaketi, akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika madeni yake, nayo yalikuwa saba. Nikamwuliza, "Na matumizi yako ya mwezi, mwanangu, umeyaandika wapi?" Akanyamaza. Madeni aliyajua, maana wenye kumdai walimkumbusha kila siku. Matumizi hayana mtu wa kuyakumbusha.

Kabla hatujarudi kwake, yafaa mjue ya kuwa dhiki si ya namna moja. Iko dhiki ya kushuka kwa bei. Mwezi wa Oktoba 1929 bei za hisa zilianguka New York, nchi ya Marekani, na katika miaka iliyofuata mazao ya nchi nyingi yalikosa wanunuzi. Katani ya Tanganyika ilishuka, hata kufika 1932 ikauzwa kwa bei isiyofika nusu ya ile ya 1929. Mashamba yakapunguza watu, na mishahara ya waliobaki ikakatwa. Walakini kodi na madeni viliendelea kudaiwa kwa shilingi.

Angalieni hesabu hii. Mtu ana deni la shilingi 10, na frasila moja ya zao lake yauzwa shilingi 5. Basi atalipa kwa frasila 2. Bei ikishuka mpaka shilingi 2 na senti 50, deni lile lile lataka frasila 4. Hakukopa hata senti moja zaidi, wala riba haikuongezwa, lakini deni limekuwa zito maradufu, kwa kuwa jasho la kulilipa limekuwa maradufu. Ndiyo maana katika dhiki ya namna hii adui mkubwa ni deni la zamani, lililochukuliwa siku za neema na mtu aliyedhani kwamba neema haina mwisho.

Iko na dhiki ya pili, nayo ni bei kupanda huku mshahara umesimama pale pale. Wazee wetu waliiona wakati wa vita vya 1939 mpaka 1945, nguo na sukari zilipoadimika. Sisi tuliiona mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano, ya mafuta ya kupikia, ya petroli na ya mbolea. Hapa mtu aliyeficha shilingi chini ya godoro huzikuta zote kwa hesabu, lakini zanunua unga mchache kuliko jana. Basi yule awezaye kununua gunia la mahindi wakati wa mavuno, akayakausha vema na kuyalinda na fukusi, ameweka akiba iliyo bora kuliko sarafu. Na yule anunuaye kibaba kibaba dukani mwezi wa njaa hulipa bei kubwa kuliko wote, ijapokuwa ndiye maskini kuliko wote. Jambo hili si la haki, lakini ndivyo lilivyo.

Sasa turudi kwa yule kijana. Katika madeni yake saba, manne yalikuwa ya simu ya mkononi. Mikopo hii hupatikana kwa dakika chache, pasipo mdhamini wala mashahidi, na wepesi huo ndio mtego wake. Mkopo mmoja wa namna hiyo, ulioanzishwa Kenya mwaka 2012, ulitoza shilingi 7 na senti 50 katika kila shilingi 100 kwa muda wa siku 30. Kwa masikio yasikiayo upesi, 7 na nusu katika mia ni kidogo. Lakini aliyechukua shilingi 1,000, akalipa na kukopa tena kila mwezi, katika mwaka mmoja ametoa ada ya mara 12 shilingi 75, yaani shilingi 900, ili atumie shilingi 1,000 zile zile. Kijana wangu alikuwa akikopa hapa ili alipe pale. Nilipomwonyesha hesabu hiyo ubaoni alicheka kwanza, kisha hakucheka tena.

Tukachukua daftari la shule la kurasa 32. Upande mmoja tuliandika kila senti iingiayo, upande wa pili kila senti itokayo, hata ya chai na ya kuchaji simu. Baada ya juma mbili aliona mwenyewe palipovuja, wala sikuhitaji kumhubiri. Katika madeni, tulitanguliza yale yenye kuongezeka kila mwezi. Deni la mwenye duka halikuwa na riba, basi lingeweza kungoja, ila kwa sharti moja: aende kwa miguu yake kabla ya siku ya ahadi, aseme kweli, na ataje kiasi atakachoweza. Mwenye duka humsamehe siku nyingi anayemwendea. Anayepita njia ya nyuma ili asionekane hamsamehi.

Alikuwa pia katika upatu wa watu kumi. Upatu ni mzuri, lakini jueni hali yake: apokeaye kwanza amekopeshwa na wenzake, na apokeaye mwisho amekuwa akiweka akiba. Mwaka wa dhiki, wa kwanza akipoteza kazi, wa mwisho ndiye alalaye njaa. Yeye alikuwa amekwisha pokea, kwa hiyo nilimwambia asiuache hata kama ni kwa kutoa kidogo kidogo.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni la jamaa. Nyumbani walidhani angali na mshahara, na baba yake mdogo alikuwa amemwandikia mchango mkubwa wa arusi ya binamu. Wako wanaosema kijana na awakatae jamaa zake ili aweke akiba. Mimi sikubali. Wale wale watampa chakula asipokuwa nacho. Lakini wana haki ya kujua kweli. Basi alikwenda nyumbani, akamfungulia baba yake mdogo lile daftari, akasema, "Baba, tazama mwenyewe." Mzee alisoma kimya mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha akafuta mchango ule, akampa nusu eka alime mihogo na kunde.

Madeni ya simu yalikwisha kabla ya Krismasi. La mwenye duka lilichukua mwaka mzima.