Fundi wa Stima au Maji Akibisha Hodi: Jinsi Simu Yako Inavyokulinda

Siku hizi, kabla fundi wa stima au msomaji wa mita ya maji hajafika langoni kwako, akaunti yako imeshapita kwenye simu yake. Na mara nyingi kilichomleta ni kitu kilichofanyika, au kilichosahaulika, kwenye simu yako wewe: bili ambayo haijalipwa, au namba ya akaunti uliyokosea ulipokuwa ukilipa. Leo tunaeleza jinsi simu hizi mbili zinavyohusiana, na jinsi ya kujikinga na matapeli wanaojifanya mafundi.

Kutoka kitabu hadi simu

Zamani msomaji wa mita alitembea na kitabu na kalamu. Chukua mahali kama Kanja, huku Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Nyumba zimetawanyika katikati ya mashamba ya chai, na mvua ikinyesha, barabara za ndani ni matope matupu. Msomaji asipofika, bili ilikadiriwa tu. Akifika, aliandika namba kwa mkono, akazipeleka ofisini, na mtu mwingine akaziingiza kwenye kompyuta. Kosa la tarakimu moja lilitosha kukuletea bili ya kushtua. Na nani angejua kama kweli alifika kwako, au alijaza kitabu akiwa ameketi hotelini akinywa chai?

Sasa kampuni nyingi za stima na maji humpa mfanyakazi simu yenye programu ya kazi. Asubuhi anapokea orodha: namba ya akaunti, namba ya mita, mahali ilipo na kazi ya kufanya, iwe ni kusoma, kurekebisha, kukata au kurudisha. Akifika anapiga picha ya mita, na simu inaweka saa na mahali alipo. Msimamizi aliye ofisini anaona kazi gani imekwisha na gani bado. Ukilalamika kuhusu bili, kuna picha ya kuangalia, si neno lako dhidi ya lake.

Pesa zako zinaingiaje hapo?

Unapolipa bili kwa Paybill, vitu viwili vinasafiri pamoja: pesa na namba ya akaunti. Mtambo wa kampuni unaangalia namba ya akaunti uliyoandika, si nani aliyetuma pesa. Malipo yakiingia kwenye akaunti sahihi, deni linapungua, na ukimaliza deni jina lako linapaswa kutoka kwenye orodha ya kukatiwa.

Ukikosea tarakimu moja, pesa zinaweza kuingia kwenye akaunti ya mtu mwingine. Kampuni imepokea, lakini wewe bado unadaiwa, na fundi anatumwa kwako. Ukigombana naye langoni hutatatua kitu. Wasiliana na kampuni iliyopokea pesa, uwape namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wako pamoja na namba sahihi ya akaunti.

Kuna pia tatizo la muda. Orodha ilitolewa asubuhi, wewe ukalipa saa nne, naye akafika saa tano. Muonyeshe ujumbe wa malipo na umwombe apige ofisini kabla ya kukata. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lako siku hizi ni ule ujumbe, kwa hivyo usiufute.

Kwa wateja wa Kenya Power, tokeni hulipiwa kwa Paybill 888880 ukiandika namba ya mita, na bili ya mwisho wa mwezi kwa Paybill 888888 ukiandika namba ya akaunti. Usizichanganye.

Kazi nyingine ya fundi umeshapewa wewe

Simu haimfuati fundi peke yake. Mwaka 2014, kampuni ya maji ya Nairobi ilianzisha huduma ya Jisomee Mita katika mtaa wa Kayole-Soweto. Mteja anasoma mita yake mwenyewe, anatuma namba kwa simu, anapata bili na kuilipa kwa simu hiyo hiyo. Kenya Power nao wanakuruhusu kutuma usomaji wa mita yako kupitia *977#.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa mita za tokeni. Nyingi ya mita hizi, hapa kwetu na duniani kote, zilihesabu muda kuanzia mwaka 1993, na hesabu hiyo ilifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikusasishwa ingekataa tokeni mpya. Kutuma mafundi kwenye kila mita nchini kungekuwa kazi kubwa mno, kwa hivyo mteja aliponunua tokeni alipokea namba za ziada, tarakimu 20 kila moja, akaziingiza mwenyewe kabla ya tokeni yake. Mamilioni ya Wakenya walifanya kazi ya fundi kwa vidole vyao, wakitumia ujumbe wa malipo.

Akibisha hodi, mhakikishe

Matapeli wanajua haya yote. Wanavaa jaketi ya riflekta na gambuti, wanashika simu mkononi, kisha wanasema: "Mama, una deni. Nitumie elfu moja kwa hii namba yangu nisikate." Wanapenda sana kuja wakati watu wana pesa, kama vile bonasi ya chai ikishalipwa.

Usiogope, na usione haya kuuliza. "Kijana, ngoja kwanza nihakikishe" ni jibu la heshima. Kisha fanya hivi:

1. Mwombe kitambulisho cha kazi na usome namba yake.
2. Kwa Kenya Power, piga *977# uchague huduma ya Jua For Sure, uingize namba ya mfanyakazi. Kwa maji, piga namba ya ofisi iliyoandikwa kwenye bili yako, si ile anayokupa yeye.
3. Muulize namba ya akaunti au mita aliyotumiwa. Fundi wa kweli anayo kwenye simu yake. Wewe usimtajie kwanza.
4. Angalia deni lako mwenyewe kabla ya kulipa chochote.
5. Lipa kwa Paybill ya kampuni pekee. Usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi, hata akisema mtambo umeharibika.
6. Usimpe mtu simu yako "akusaidie kulipa", na usimtajie PIN yako. Hakuna fundi anayeihitaji.

Akikataa kusubiri, hiyo tayari ni dalili mbaya. Fundi wa kweli ana kazi iliyoandikwa, na dakika tano hazitaifuta.

Kama unamlipia mzazi kijijini

Wengi wenu mko Nairobi au Embu mjini na mnalipia stima na maji ya wazazi walioko Kanja. Ujumbe wa malipo unabaki kwako, lakini fundi anamkuta mama nyumbani. Mama hana la kuonyesha, na hapo ndipo wengi wanatoa pesa mara ya pili.

Kwa hivyo kila ukilipa, mtumie ujumbe ule ule pia. Namba ya mita na ya akaunti ziandikwe kwenye karatasi nyumbani, pamoja na namba ya ofisi ya stima na ya maji. Na mkubaliane jambo moja: mtu yeyote akija kudai pesa, wakupigie kwanza, hata ukiwa kazini.

Ukishatuma pesa kwa tapeli, tupigie mara moja kabla hajazitoa. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu sana. Kisha piga ripoti polisi, ukiwa na ule ujumbe na namba aliyotumia.