Masega mazima chini ya meza

Chini ya meza ya fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, kuna kopo la chuma lililopasuliwa kwa grenda. Limetoka kwenye eksozi ya pikapu ya dizeli. Ndani limejaa kauri yenye maelfu ya vitundu vya mraba, vyembamba kiasi kwamba njiti ya kiberiti haipiti. Mafundi huyaita masega, na ukiyaona huhitaji kuuliza kwa nini. Kila kitundu kimezibwa upande mmoja, na cha jirani yake kimezibwa upande wa pili. Moshi ukishaingia hauna pa kutokea ila kupenya ukuta wenyewe, wenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Hewa hupita, masizi hubaki.

Fundi alinigeuzia kopo. Upande wa kuingilia moshi ni mweusi tii. Ukiugusa tu, kidole kinachafuka. Nikapitisha kidole upande wa kutokea. Kilirudi safi. Pikapu hiyo ilishapakia saruji na nondo kwa miaka, lakini masizi hayakuwahi kuvuka ukuta ule. Chujio lilikuwa likifanya kazi yake mpaka siku lilipokatwa, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Kwa nini limekatwa likiwa zima?

Kwa sababu lilishiba, anasema fundi. Masizi yakijaa lazima yaunguzwe, na hayaungui mpaka chujio lifike joto la nyuzi 600 hivi. Kompyuta ya gari humwaga mafuta ya ziada ili kupandisha joto hilo, na dereva anatakiwa aendelee kutembea mwendo wa kutosha mpaka kazi iishe. Sasa mchukue mwenye pikapu anayeshinda kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, anashusha mzigo, anazima, anawasha, anasogea kidogo. Zoezi halimaliziki hata siku moja. Sehemu ya mafuta yale huteremka kwenye oili. Ndiyo maana fundi akiletewa gari la namna hii huchomoa kijiti cha oili na kukinusa kabla hajafungua kitu kingine chochote. Kikinuka dizeli na oili ikiwa imepanda juu ya alama, ameshajua.

Kinachofuata ni taa kwenye dashibodi, kisha gari linakosa nguvu. Kwanza fundi humshauri mteja aende nalo Chalinze na kurudi bila kuzima, labda litajisafisha lenyewe. Wengine hukubali. Wengi wana mzigo wa kesho asubuhi, na bei ya chujio jipya wakitajiwa hunyamaza. Hapo ndipo grenda inapowashwa. Masega yanatolewa, kopo tupu linachomelewa na kurudishwa mahali pake, na kijana wa kompyuta anafuta kumbukumbu ya chujio ili taa isiwake tena. Kwa nje huwezi kujua. Gari linaondoka na nguvu zake zote, mteja anashukuru, na fundi ananiambia shukrani hizo hazimfurahishi.

Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya kwingine. Ulaya, kanuni ya Euro 5 iliyoanza mwaka 2009 ndiyo iliyofanya chujio kuwa jambo la lazima kwa magari ya dizeli, na mwaka huohuo salfa kwenye dizeli ya huko iliwekewa kikomo cha sehemu 10 kwa milioni. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kikomo chao hadi 50 mwanzoni mwa 2015. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na inastahili sifa. Chujio linaweza kuishi na 50, ila salfa huchosha madini ya platinamu yanayosaidia kuunguza masizi. Fundi anaogopa zaidi uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa. Vinasaba vya kutambulisha mafuta vya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, vilivyoanza mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa iliyopandishwa mwaka uliofuata, vilipunguza faida ya kuchanganya mafuta, lakini bado kuna vituo asivyowaruhusu wateja wake kujaza.

Tusidhani kukata chujio ni tatizo la wasio na uwezo. Mwaka 2020 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilikadiria kuwa zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli nchini humo zilikuwa zimeondolewa vidhibiti vya moshi ndani ya takriban miaka kumi. Na moshi wa dizeli Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka tangu 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Pale gereji, anayesimama nyuma ya eksozi wakati gari linapigwa resi ni mwanafunzi wa fundi, kijana asiye na hata kitambaa puani.

Uholanzi, tangu Januari 2023, gari la dizeli lenye chujio hupimwa kwa kifaa kinachohesabu chembe za masizi kwenye eksozi. Kopo tupu haliwezi kukidanganya. Nilimuuliza fundi itakuwaje kifaa hicho kikiletwa bandarini na barabarani hapa kwetu. Alisema atafurahi, mradi kwanza pawe na mahali pa kusafishia masega kwa bei ambayo mwenye pikapu anaimudu. Kisha akaniuliza yeye: gari lililoingia nchini likiwa limeshatolewa masega, likauzwa, likauzwa tena, chujio lake atalilipia nani? Aliyeliagiza, aliyelinunua bila kujua, au yeye mwenye grenda? Sikuwa na jibu la kumpa.